Utangulizi wa tanzia: namna ya kuuandika na kuupandisha jukwaani, hatua kwa hatua

Vikundi vingi vya maigizo hapa Bagamoyo huanza mchezo kwa namna moja. Mtu hutoka mbele, husalimia, hutaja jina la kikundi, kisha husema: "Mchezo wetu wa leo unahusu madhara ya tamaa." Watu hupiga makofi, na mchezo unakuwa umeshamaliza kazi yake kabla haujaanza. Hilo ni tangazo. Utangulizi wa tanzia, yaani mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye maangamizi, ni kitu kingine kabisa, na mji ambao haujakosa watu wa jukwaa tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981 (leo tunakiita TaSUBa) hauna sababu ya kuvichanganya.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliueleza utangulizi kwa ufupi: ni sehemu yote ya tanzia inayotangulia kuingia kwa korasi, lile kundi linaloimba na kuzungumza kwa pamoja jukwaani. Zingatia kwamba ni sehemu ya tanzia yenyewe. Anayezungumza humo yumo ndani ya mkasa, ana mwili, ana hofu, ana jambo la kupoteza. Hata akiwa mungu, ana kisasi chake.

Kazi yake nitaisema hapa mwanzo ili usiitafute huko mbele: utangulizi hugawa ujuzi. Humpa mtazamaji jambo ambalo mhusika mkuu hanalo, kisha humwacha akae nalo, asiweze kulisema, huku akimwangalia mtu anatembea kuelekea shimoni. Mengine yote, kama kueleza mahali, ukoo na yaliyopita, ni ya ziada.

Mchezo tutakaoufanyia kazi

Tutumie hadithi moja ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho.

Shomari ni fundi wa majahazi. Mama yake alifariki kwa uzazi, akanyonyeshwa na jirani, Bi Mwajuma wa Kaole. Jambo hilo kila mtu analijua. Miaka michache baadaye Bi Mwajuma, akiwa ananyonyesha kitinda mimba wake, alimnyonyesha pia mtoto mwingine, Kidawa, ila huyu kwa siri. Mama yake Kidawa maziwa yalikauka, na mawifi walikuwa wanamtafutia kasoro. Bi Mwajuma akala kiapo kwamba hatasema kwa mtu. Mama Kidawa akafa, familia ikahamia Tanga. Sasa binti amerudi, mwari mzuri, na Shomari amepeleka posa.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili huwa mtoto wake wa ziwa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Ikiwa ni mara nne, hakuna udugu. Ishike hiyo tano.

Hatua ya kwanza: andika nani anajua nini

Kabla hujaandika neno la mazungumzo, chukua karatasi uchore safu nne: mhusika mkuu, aliye karibu naye, watu wa mjini, mtazamaji. Chini yake orodhesha mambo makubwa ya hadithi, kisha weka alama kwa kila anayelijua jambo hilo pazia linapofunguliwa. Katika hadithi yetu, "Shomari alinyonya kwa Bi Mwajuma" ina alama kila mahali. "Kidawa naye alinyonya" ina alama kwa Bi Mwajuma peke yake. "Alinyonya mara tano" pia ni hivyo hivyo.

Sasa jiulize: ni kisanduku kipi nikijaze kwa mtazamaji na nikiache kitupu kwa Shomari? Hapo ndipo utangulizi wako ulipo. Ukikosa kisanduku cha namna hiyo, huna utangulizi, una maelezo tu.

Waandishi chipukizi huogopa hapa. Husema: nikitoa siri mwanzoni, nani atakaa mpaka mwisho? Angalia alichofanya Euripides, mtunzi wa tanzia wa Athens ya kale, katika *Hippolytus*, mwaka 428 K.K. Anayefungua mchezo ni Aphrodite, mungu wa mapenzi. Anatamka waziwazi kwamba kijana Hippolytus amemdharau, kwamba atamlipiza siku hiyohiyo, kwamba mama wa kambo Phaedra naye atakufa, na kwamba baba mtu ndiye atakayemwangamiza mwanawe kwa laana. Baada ya maneno hayo kijana anaingia akiwa na furaha, ametoka kuwinda. Tamthilia hiyo ilipewa nafasi ya kwanza katika mashindano ya Athens. Mtazamaji hakuondoka, kwa sababu swali lake lilibadilika. Aliacha kuuliza "kutatokea nini?" akaanza kuuliza "itakuwaje mpaka ifike huko, na hivi kweli hakuna wa kumzuia?" Swali la pili hubana kifua zaidi.

Lakini soma tena maneno ya Aphrodite uone alichokificha. Hasemi lolote juu ya barua ambayo Phaedra ataiacha, barua itakayomsingizia kijana. Mwisho ametoa, njia ameibana. Hiyo ndiyo kanuni ninayowapa wanaoniuliza: toa mwisho, ficha njia. Kwetu sisi, mtazamaji ajue kwamba hawa ni ndugu. Asijue nani atalifichua, kwa kishindo gani, na kama itakuwa kabla ya nikaha au baada.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau wanapomwiga Sophocles, mtunzi mwingine wa Athens. *Mfalme Edipode*, kama Samuel Mushi alivyoiita katika tafsiri yake ya Kiswahili, inaanza bila mtu wa kufichua siri. Watu wa Thebes wamekuja kumlilia mfalme kwa sababu ya tauni, naye anaahidi kumsaka muuaji wa mfalme aliyemtangulia. Muuaji ni yeye mwenyewe. Sophocles hakuhitaji kusema hivyo kwa sababu hadhira yake ilikuwa imelelewa na hadithi hiyo. Hadhira yako ya Magomeni au Dunda haimjui Shomari wala Kidawa, umewabuni wewe. Kwa hiyo utangulizi wako lazima ufanye kazi ambayo kule ilifanywa na bibi zao. Ola Rotimi wa Nigeria aliliona hilo alipoihamishia hadithi ya Edipode kwa Wayoruba katika *The Gods Are Not to Blame*, iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka 1968. Aliongeza utangulizi wenye msimulizi, ngoma na maigizo bila maneno: mtoto anazaliwa, mpiga ramli anatamka kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, mtoto anafungwa miguu na kupelekwa porini. Asiyewahi kusikia jina la Sophocles anakuwa sawa na Mwathene kabla mchezo wenyewe haujashika kasi.

Hatua ya pili: hakikisha unauhitaji

Hapa sitakaa sana. *Waajemi* ya Aeschylus, naye mtunzi wa Athens, ya mwaka 472 K.K., haina utangulizi kabisa. Korasi ya wazee inaingia moja kwa moja. Kama siri ya mchezo wako inajulikana na wote, au kama nguvu yake ni mtazamaji kugundua pamoja na mhusika, achana nao. Jaribio ni jepesi: msomee mtu onyesho la kwanza bila utangulizi. Kama analifuata na roho yake haina wasiwasi wowote, utangulizi unahitajika. Kama analifuata na tayari ana wasiwasi, umeshaufanya bila kujua, usiongeze kitu.

Hatua ya tatu: chagua mdomo

Hii ndiyo hatua inayoamua mchezo wako utakuwa wa nani. Maneno yaleyale yakitoka katika midomo miwili huzaa tanzia mbili tofauti.

Mlinzi. *Agamemnon* ya Aeschylus, ya mwaka 458 K.K., inafunguliwa na mtu asiye na jina. Ni mlinzi aliyelala juu ya paa la jumba la kifalme, ameegemea viwiko kama mbwa, mwaka mzima sasa, akingoja moto wa ishara utakaosema kwamba Troy imeanguka. Analalamika umande umemlowesha kitanda. Anajaribu kuimba asisinzie, wimbo unageuka kilio. Ghafla moto unaonekana, anashangilia, anataka kucheza, halafu anayakatiza maneno yake. Anasema ng'ombe mkubwa amemkanyaga ulimi, na kwamba nyumba hii ingekuwa na sauti ingejieleza yenyewe. Basi, anashuka. Hajasema kwamba mke wa mfalme ana mwanamume mwingine, wala kwamba mfalme atauawa. Mtu mdogo, anayejua na kuogopa: kwangu mimi huo ndio utangulizi bora kuliko zote, kwa sababu unafundisha kwamba kunyamaza nako kunagawa ujuzi.

Mlezi. *Medea* ya mwaka 431 K.K. inaanza na yaya wa nyumbani, anayetamani laiti meli ya Argo isingesafiri kamwe. Anampenda bibi yake na anamwogopa, na anaogopea watoto. Yaya hajui mwisho, ila anaunusa.

Mzimu. Seneca wa Roma alipenda sana wafu. *Thyestes* yake inafunguliwa na mzimu wa Tantalus ukisukumwa uitie nyumba ya wajukuu zake uovu. Katika karatasi mzimu unatisha. Uwanjani kwetu, mtu akitokea na shuka jeupe watoto wa mbele watacheka na mchezo umekwisha. Ukimtaka marehemu aseme, mpe sauti tu, na mwili wake uwe nguo yake inayokunjwa na mtu aliye hai.

Msimulizi aliye nje. *Romeo na Juliet* ina mistari 14 inayosema wapendanao watakufa na vifo vyao vitazika ugomvi wa wazazi. Mfaransa Jean Anouilh, katika *Antigone* iliyooneshwa Paris mwaka 1944 chini ya Wajerumani, alimfanya Utangulizi kuwa mhusika kamili: waigizaji wote wako jukwaani, wengine wanafuma, wengine wanacheza karata, naye anamnyooshea kila mmoja kidole na kusema huyu ni nani na nani atakufa. Njia hii inafanana na mtambaji wetu wa ngano, ndiyo maana inavutia, na ndiyo maana ni rahisi kuteleza ukarudi kwenye tangazo. Mtambaji wako akianza "Paukwa", hadhira ikajibu "Pakawa", umeshawafanya washiriki. Tumia hilo: wape jukumu la kujua, usiwape somo.

Sasa kwa mchezo wetu. Akizungumza somo wa Kidawa, anayemfunda mwari bila kujua lolote, utapata kinaya kitupu: anamsifia mchumba "mmefanana hata mnavyocheka". Kinachekesha, kisha kinauma. Ikizungumza sauti ya mama marehemu, mchezo unakuwa wa kiapo. Akizungumza Bi Mwajuma mwenyewe, mchezo unakuwa wa mtu aliyebanwa kati ya kiapo na haramu, na Shomari anakuwa mtu wa pili. Ninamchagua Bi Mwajuma. Wewe unaweza kumchagua somo na usikosee, ila usichanganye.

Hatua ya nne: anza na mwili, halafu siku, halafu siri

Utangulizi mbovu huanza na ukoo: "Mimi ni Mwajuma, mke wa marehemu fulani, niliyezaliwa Kaole." Euripides mwenyewe alikuwa na tabia hiyo, na Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, alimcheka kwa ajili yake katika *Vyura*, mwaka 405 K.K. Humo Euripides anakariri mwanzo wa tamthilia zake, na kila akifika katikati ya sentensi Aeschylus anamalizia: "akapoteza kichupa chake cha mafuta." Inaingia kila mara, kwa kuwa sentensi zote zimejengwa sawa. Fanya mzaha huohuo kwa kazi yako. Soma sentensi ya kwanza, na katikati yake umalizie "akapoteza kobazi zake". "Mzee mmoja tajiri wa Kaole, baba wa mabinti watatu, siku moja... akapoteza kobazi zake." Ikiingia vizuri, futa.

Fundi wa kuanza na mwili tunaye nyumbani. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, anamwita binti yake asogee, na ubeti wa pili tu anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Kabla hujasikia wasia wowote unajua ni nani anayesema, katika hali gani, na kwa nini ni leo. Mlinzi wa Aeschylus naye ana mwaka wake juu ya paa. Mwili uliochoka, muda uliopimwa, sababu ya leo.

Huu hapa utangulizi wetu:

*(Uani. BI MWAJUMA ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ngoma ya harusi kwa mbali.)*

BI MWAJUMA: Mji mzima una mikono, wakaona mikono ya Mwajuma ndiyo ya kukunia nazi harusi hii. *(Anakuna.)* Mgongo huu. Shomari kanyonya hapa miaka miwili kamili, ndiyo maana ananiita mama. Nani asiyejua? *(Anasita.)* Na huyu binti... Mama yake alikuja mwenyewe, kajitanda kaniki mpaka machoni. "Da Mwajuma, ziwa limekauka, na mawifi zangu wanahesabu. Ukimwambia mtu, mimi nimeachika." Nikashika msahafu. Usiku ule nikapita mlango wa uani. *(Anaweka kifuu chini.)* Kesho yake nikapita. *(Kifuu cha pili.)* Mtoto ana njaa, utamwambia nini? *(Cha tatu. Cha nne. Anakishika cha tano muda mrefu, anakiweka.)* Halafu maziwa ya mama yakarudi, sikwenda tena. Aliyenipa kiapo yuko chini ya minazi, Kaole. Wa kunifungua ni nani?

*(Vigelegele karibu. Anavifunika vifuu kwa upindo wa khanga.)*

SHOMARI *(nje)*: Hodi! Shikamoo mama. Nazi tayari?

Hakutamka "tano", wala "haramu", wala "ndugu". Mtazamaji wa pwani atahesabu vifuu mwenyewe, na aliyekwisha kuhesabu hasahau. Asiyeijua sheria hiyo atalijua hilo ndani ya onyesho la pili, shehe atakapomwelekeza kijana mwingine juu ya jambo jingine. Ukilipakia lote hapa, Bi Mwajuma atageuka mwalimu wa madrasa.

Hatua ya tano: nathari au utenzi

Ukitaka beti, utenzi unafaa kuliko shairi la mizani kumi na sita, kwa sababu mstari wa mizani nane unasemeka kwa pumzi moja ya mtu anayefanya kazi:

*Kwa mlango wa uani*
*niliingia gizani*
*mwana yuko kifuani*
*mara tano akanyonya.*

Ubeti huo mmoja umesema karibu yote. Hasara yake ni kwamba namba imetamkwa, vifuu vimepoteza kazi. Chagua kimoja. Mimi ningempa Bi Mwajuma nathari, na ubeti ningeuweka mdomoni mwa korasi ya wanawake baada ya siri kufichuka.

Kwa urefu, soma kwa sauti ukiwa na saa. Mistari 14 ya Shakespeare haizidi sana dakika moja. Ukifika dakika tano uwanjani bila mtu wa pili kuingia, umechelewa.

Hatua ya sita: ufunge kwenye mwisho

Kila kitu kilichoshikwa mkononi katika utangulizi kirudi katika onyesho la kufichua, au kiondolewe. Shehe atakapouliza "Mara ngapi?", Bi Mwajuma asijibu kwa mdomo. Aombe vifuu. Tofauti ya nne na tano ndiyo tofauti ya ndoa na maangamizi, na hadhira nzima inajua jibu kabla yake. Wengine wataomba kimoyomoyo aishie kwenye cha nne. Ebrahim Hussein katika *Mashetani*, ya 1971, alifungua na vijana wawili, Juma na Kitaru, wakicheza mchezo wa shetani na binadamu. Unaonekana mzaha wa vijana, lakini tamthilia nzima inaendelea kuudai.

Hatua ya saba: uwanjani

Waathene waliigiza mchana, hewani, bila pazia. Mlinzi wa Aeschylus anasema ni usiku huku hadhira ina jua usoni. Giza linatengenezwa na umande na nyota zilizo katika maneno yake. Ukiigiza saa kumi alasiri ufukweni, fanya hivyo hivyo, usitegemee taa.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Alasiri jua liko nyuma ya mji, na upepo hutoka baharini. Ukimweka msemaji wa utangulizi akiwa ameipa bahari mgongo, upepo utaichukua sauti yake mpaka kwa watu, ila yeye jua litampiga machoni. Bi Mwajuma anatazama nazi yake, kwa hiyo haimdhuru. Msimulizi wa kusimama ungemhurumia. Ulizia pia maji: siku za bamvua yatakufuata mpaka jukwaani.

Ratibu na adhana. Mchezo wa usiku uanze baada ya Isha, usije ukakatizwa kwenye kifuu cha tatu. Wanaochelewa watakuja tu, kwa hiyo mpe Bi Mwajuma kazi ya kuanza nayo bila maneno. Akune nazi mpaka watu wakae. Ngoma ipigwe nje ya uwanja kuanzia hapo, na inyamaze pale tu anapotaja mama yake Kidawa.

Mshereheshaji wenu, kama hamwezi kumkosa, amalize salamu, majina na wafadhili, azime maikrofoni na aondoke kabisa machoni. Bi Mwajuma asipewe maikrofoni hiyohiyo. Na jina la mchezo lisimwage siri: kikundi kitakachobandika "Ndugu wa Ziwa Moja" kwenye ukuta wa sokoni kimeshaigiza utangulizi wake ukutani, bure.